Nta ya Mama Mkwe na Meno ya Serikali

Meno niliyobaki nayo ni sita, na yote sita yaliwahi kufanya kazi serikalini. Chekeni tu, vijana. Ninyi mnaoingia leo kazi ya kutoa vyeti vya bidhaa zinazokwenda nje mnakuta mashine, vichupa, makoti meupe na kiti kinachozunguka. Mimi nilikuta benchi, panga na Mzee Kombo. Kifaa cha kupimia nilikuja nacho mwenyewe kutoka nyumbani, kiko chini ya pua, na kila asubuhi nilikipiga mswaki.

Kazi yetu ilikuwa nta ya nyuki. Miaka ile ya hamsini, kabla ya uhuru, nta ya nyanda zetu ilisafiri kuliko sisi wenyewe. Ilishuka pwani, ikapanda meli, ikaenda Ulaya kutengenezewa mishumaa, rangi ya viatu na vitu vya akina mama kupaka usoni. Na sheria ilikuwa moja tu: nta isiyo na cheti haipandi meli. Cheti nacho hakitoki mpaka mkaguzi athibitishe kwamba bonge zima ni nta tupu, halina mchanga, halina unga, halina mafuta, halina ujanja. Na mkaguzi alithibitishaje? Aliitafuna.

Ndiyo, niliajiriwa kutafuna. Unapasua bonge kwa panga, kwa sababu uongo hukaa katikati, haukai pembeni. Unatazama rangi, unanusa, halafu unakata kipande kama ncha ya kidole gumba unakitia mdomoni. Nta safi huvunjika kwanza, kisha hulainika, na haigandi kwenye meno hata kidogo. Kwa mbali unasikia asali. Iliyotiwa mafuta ya ng'ombe huteleza na kuacha utando juu ya kaakaa. Iliyotiwa unga huanza kuwa uji. Ya mchanga sina haja ya kuieleza. Jino langu la kwanza liliondoka hivyo nikiwa bado kituo cha Mbeya, likabaki ndani ya bonge la mtu, na yule mtu akadai nimsamehe mchanga wake kwa kuwa na mimi sasa nimemtilia jino.

Kutoka Mbeya walinihamishia Iringa, nikakabidhiwa kwa Mzee Kombo. Huyu baba yake alipanda kutoka Kilwa na biashara ya chumvi, akapenda baridi, akajenga Kihesa, hapo hapo Iringa. Mzee Kombo alikuwa na meno manne, mawili juu na mawili chini, lakini yalikuwa yanakutana. Alisema meno thelathini na mawili yasiyopatana hayana faida.

Siku ya kwanza alinipa vipande vya mizigo minane nitafune. Nikatafuna. Siku ya pili kumi na moja. Siku ya tatu sikumbuki. Siku ya nne nilikuja kazini nimejikunja, natembea kwa ubavu.

"Una nini mwanangu?"

"Tumbo, mzee. Limefunga."

Akanitazama. "Ewe Andulile. Ile nta ukishaitafuna unaifanya nini?"

"Nameza."

Sasa ninyi semeni, ningefanya nini? Mbeya mizigo ilikuwa michache, nilimeza na tumbo likavumilia. Mama yangu kule Rungwe alinilea kwamba chakula kikishaingia kinywani hakitemwi. Kutema ni kumtukana aliyepika. Hakuna aliyeniambia kwamba serikali haipiki. Mzee Kombo alicheka mpaka akashika nguzo ya banda, kisha akaninywesha mafuta ya mbono na kunipa ruhusa ya siku mbili. Somo la kwanza la kazi ya vyeti ni hilo: ukishapima, tema.

Lakini hatukutema ovyo. Mzee Kombo alikuwa na utaratibu wake, sijauona popote pengine. Kitabu cha vyeti kilikuwa na kishina, kile kipande kinachobaki kitabuni ukishachana cheti. Kitonge ulichotafuna ulikibana vizuri kati ya meno ya mbele, kikatoka na alama zake, ukakibandika kwenye kishina cha mzigo ule. Kila jioni alipita kurasa zote kuhakikisha. Kishina chenye alama za meno ni ushahidi kwamba mtu alionja; kisicho nazo ni karatasi tu. Bwana Mkubwa wa idara yetu alipokuja kutoka Mbeya kukagua alifungua kile kitabu kwa ncha ya kalamu, akakifunga kwa ncha ile ile ya kalamu, akaandika kwamba amekiona. Panya ndio waliokipenda. Mwaka mmoja walitafuna Januari yote.

Na nta ile ilikuwa na mambo! Tulikuta mawe, tukakuta kiazi kizima kimekaa katikati kwa utulivu, tukakuta soksi ya Kizungu. Bonge moja lilitoa kufuli, limefungwa. Mwenyewe alipoitwa hakutahayari hata kidogo. Aliuliza kama na ufunguo tumeuona. Huko nyuma, nikiwa Mbeya, mtu mmoja alinisimamisha pale Uyole, akanionyesha bonge la njano limefunikwa jani la mgomba, akaniambia kwa kunong'ona, "Onja, hii ni ya leo." Nikatafuna kwa utaalamu wangu wote, macho nimefumba. Unga mtupu. Nikamwambia hii haipiti, huu ni ugali. Akasema ndiyo ni ugali, wewe ulidhani nini, nauza chakula hapa. Ikabidi niombe na mboga.

Basi. Nilitaka kuwaeleza habari ya mama mkwe.

Nilimwona Veronika, binti mwenye mwanya, soko la Iringa, akimbishia muuza vitunguu mpaka muuza vitunguu akaomba radhi. Kwao ni Idodi. Nikatuma mshenga, fundi cherehani mmoja wa Kihesa mwenye maneno matamu, na mshenga akaniuliza swali la haki: wakiniuliza kijana anafanya kazi gani, niseme nini? Hapo ndipo nilipokosea. Niliona aibu. Nikamwambia sema anakaa ofisini, anapiga mhuri. Si uongo, mhuri nilipiga. Kutafuna nilikuacha nje ya maelezo. Posa ikakubaliwa.

Baba yake Veronika alikuwa amefariki, na mizinga yake yote aliichukua mama. Watu walisema mwanamke hawezi mizinga. Akakwea miti mwenyewe, akarina, akapika nta, na wale waliosema wakaanza kwenda kumwomba ushauri. Ndiye huyo mama mkwe wangu. Mnajua mkwe kwa watu wa kwetu alivyo, na kwa Wahehe vile vile: humtazami usoni, huli mbele yake, na kutema mate mbele yake ni bora uhame wilaya.

Sasa fikirini. Kazi yangu ni kutafuna mbele za watu na kutema.

Nilikuwa nimejipanga. Nta ya Idodi ikija, nilisema, Mzee Kombo ataitafuna, mimi nitasimama mbali na kalamu kama karani. Mpango mzuri kabisa. Ila sikuangalia mwezi. Mzigo wa Idodi ulikuja katikati ya Ramadhani, Mzee Kombo amefunga, na tangu mwandamo hakutia kitu kinywani mpaka magharibi. Iringa nzima, mdomo wa serikali ulikuwa mmoja, nao ni wangu.

Asubuhi ile lori la Bwana Jivani lilifika kutoka huko. Bwana Jivani alikuwa na duka karibu na banda letu, akikusanya nta ya vijijini na kuipeleka kwenye reli Dodoma. Babu yake alitoka Bara Hindi, yeye alizaliwa Iringa, na Kihehe chake kilikuwa kinanipita mimi mara kumi. Lori lilikuwa liondoke saa sita mchana ule ule, kwa sababu meli haingoji mtu. Mimi niko kwenye benchi, mdomoni nina kipande cha nta ya mtu wa Pawaga, nakigeuza geuza taratibu.

"Kamwene," ikanisalimu kwa Kihehe sauti ya mwanamke nyuma yangu.

Nikageuka, nikamwona, nikageuka tena upesi kuliko nilivyogeuka kwanza. Nta ya mtu wa Pawaga nikaimeza nzima.

"Kamwene, mama," niliiambia mizani, maana ndiyo iliyokuwa mbele yangu.

"Mkwe, kumbe ni hapa unafanyaga kazi?"

"Ndiyo, mama."

"Mshenga alisema ofisi."

Mbuzi wa jirani alipita katikati yetu, akanusa kitabu cha vyeti, akaenda zake. "Ndiyo ofisi yenyewe, mama."

"Haya. Nta yangu hii hapa, mabonge kumi na mbili. Ya mwaka mzima hii. Nimepika mwenyewe, hakuna mtu amenisaidia. Piga mhuri iwahi lori."

Nikamvuta Mzee Kombo pembeni. "Mzee, niokoe. Itafune wewe."

"Alaa! Nifungue saumu kwa nta? Nikiulizwa kesho akhera ulifungulia nini, niseme nta ya mkwewe Andulile?"

"Basi niachie nipige mhuri bila kutafuna. Mara hii tu. Yule ni mama mkwe."

Hapo aliacha kucheka. "Na kwenye kishina utabandika nini? Utabandika adabu?" Akaninyooshea kidole chake chembamba. "Nisikilize. Anayenunua huko ng'ambo hamjui mama yako mkwe. Anajua Iringa. Bonge moja likimtia shaka, anairudisha Iringa yote, na mizigo ya watu wote hawa inakaa inaliwa na nondo. Tafuna, au mpe kalamu mtu mwingine."

Nikarudi kwenye benchi, nikapasua bonge. Lilikuwa zuri machoni, lina mng'ao, labda rangi imekolea kidogo kuliko kawaida. Nikakata kipande, nikakificha kiganjani, nikaanza kuondoka kimya kimya kuelekea nyuma ya banda.

"Nta yangu inaenda wapi?"

"Nyuma, mama."

"Nyuma kuna nini?"

"Kuna hewa."

"Hapa hakuna hewa?"

Akanifuata. Alikuwa na haki, mali ni yake, na wakaguzi wa kila aina alikwisha kuwasikia. Nikaongeza mwendo, naye akaongeza. Tulilizunguka lile banda mara mbili, mimi mbele nimekumbatia ngumi, mama mkwe nyuma ameshika pindo la kanga, na kila tulipopita mbele wapagazi walitupa pole. Mzunguko wa tatu Bwana Jivani alimsimamisha akamwambia kitu kwa Kihehe. Mama akacheka. Sijui alimwambia nini. Kihehe changu wakati ule kiliishia kwenye salamu.

Hatimaye ndio hao wazee wawili walioniletea shauri. Walichukua gunia, wakalikunjua, Mzee Kombo akashika pembe hii na Bwana Jivani pembe ile, wakasimama kama watu wanaomsitiri bibi harusi. Mimi nikaingia nyuma yake. Mama mkwe akabaki upande wa pili, amesimama, anasubiri mhuri wake.

Nikatia kipande mdomoni, nikauma. Kikavunjika kwa sauti.

"Kuna panya hapo," akasema mama.

"Ndiyo, mama," akajibu Mzee Kombo. "Panya wa serikali."

Nikatafuna mara ya pili, ya tatu. Ya nne haikuwapo. Meno ya juu yalishuka yakakutana na ya chini, na hayakurudi. Nikavuta, wapi. Nikasaidia kwa vidole, vidole navyo vikaganda. Vijana, kuna ulimbo mnaoujua ninyi, utomvu ule watoto wanaonasia ndege. Ulimbo huo ulikuwa ndani ya nta ya mama mkwe wangu, na ndege aliyenaswa ni mimi.

Nilisimama nyuma ya gunia nikaogopa kwelikweli. Ningetikisa kichwa kusema ndiyo, mhuri ungepigwa, lori lingeondoka, na mimi ningeoa. Kipande kingine safi cha kubandika kwenye kishina nisingekosa kukipata. Bonge la mtu wa Pawaga lilikuwa bado pale pale. Ningesema hapana, ningekuwa nimemwita mama yake Veronika mwongo, mchana kweupe, mbele ya wapagazi, juu ya jasho la mwaka mzima. Nilimpenda sana yule binti. Nawaambia wazi kwamba nilifikiria kusema ndiyo, na nilifikiria kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

Gunia likashushwa.

"Nzuri?" akauliza mama mkwe.

Nikatikisa kichwa. Hapana.

Mama akawageukia wazee. "Anasema nini huyu?"

Nikajaribu kueleza. Kilichotoka ni "Mmmm."

"Mkwe. Nakuuliza. Nta yangu mbaya?"

"Mmm," nilisema, kwa heshima zote.

"Hataki hata kunijibu!" Sauti ilipanda. "Nimekubali posa yake, naye hataki hata kufungua mdomo!"

"Hataki si neno, mama," akasema Mzee Kombo. "Hawezi. Meno yamegandana. Nta yako ina ulimbo."

"Nta yangu ni safi!"

Basi akafanya jambo ambalo sijawahi kuliona mkwe yeyote akilifanya mbele ya mkwewe. Alichukua lile bonge lililopasuliwa, akalinyanyua kwa mikono miwili, akaling'ata palipo na ncha, akatafuna kwa hasira. Mara moja, mbili, tatu.

Akatulia. Macho yakamtoka. Akavuta taya, taya ikakataa.

"Mmm," akasema.

"Mmm," nikamjibu.

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimtazama mama mkwe usoni, naye akanitazama, sote wawili tumeng'ata meno kama watu wanaobeba gogo. Sijui nani alianza. Nadhani ni yeye. Kicheko kilimtokea puani, kikanitokea na mimi puani, na kadiri tulivyocheka ndivyo meno yalivyovutana na kuuma, na kadiri yalivyouma ndivyo tulivyocheka. Mzee Kombo alikaa chini kwenye vumbi, anajifuta machozi na kofia, anaomba tumwonee huruma, saumu yake iko hatarini. Bwana Jivani alikimbia kwake akarudi na birika la maji ya vuguvugu na chupa ya mafuta ya karanga. Ikitokea siku moja mkanaswa, kumbukeni hiyo: mafuta kwanza, maji baadaye, na msivute kwa nguvu. Mimi nilivuta, ndiyo sababu nahesabu sita.

Midomo ilipofunguka, kicheko kilikuwa kimekwisha. Mama aliketi juu ya gunia, akajipangusa. Alikuwa ametahayari.

"Nimeweka mimi," alisema. "Ulimbo nimeweka mimi mwenyewe. Si mmesema wenyewe tuweke?"

"Nani kasema?" akauliza Mzee Kombo.

"Hii tangazo yenu! Ile mlipigilia pale Idodi, kwenye ule mti wa mbele ya duka. Imesema nta ya kwenda nje lazima ishike mhuri. Nikasema nta yangu ni laini, itashikaje? Nikauliza watu, kitu gani kinashika sana? Wakasema ulimbo. Nimehangaika wiki nzima natafuta ulimbo, nyie mnanicheka!"

Mzee Kombo akanigeukia polepole. Yeye hakuandika tangazo lolote. Kuandika lilikuwa jukumu la mwenye darasa la nane, na mwenye darasa la nane alikuwa mmoja.

Nta ikiwa na maji ndani, au ikiwa imepikwa vibaya, alama ya mhuri haitokei vizuri, na huko bandarini wanaikataa. Nilitaka kuwaambia watu waipike vizuri, alama isomeke. Nikaandika kwa herufi kubwa, nikajivunia na mwandiko: NTA LAZIMA ISHIKE MHURI. Kwa karani ni Kiswahili safi. Kwa mtu anayefikiri kwa Kihehe, anayeijua nta kwa mikono yake na hajawahi kuona mhuri ukipigwa juu yake, nilikuwa nimemwagiza aweke gundi.

Ningeweza kunyamaza. Mzee Kombo angenisitiri, nina hakika. Lakini yule mama alikuwa ameketi pale anajiona mjinga, na mjinga hakuwa yeye.

"Ni mimi niliyeandika, mama," nikasema. Safari hii sikuiambia mizani.

"Wewe?"

"Mimi. Na nimeandika vibaya. Na nta hii haipiti. Siwezi kuipigia mhuri. Nisamehe."

Bwana Jivani alimweleza kwa Kihehe namna ya kuiokoa: aichemshe upya kwa maji mengi, aichuje kwenye gunia mara tatu au nne, ulimbo ubaki kwenye gunia, halafu aiache ipoe polepole. Ni kazi ya wiki nzima au zaidi, kuni juu ya kuni. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Saa sita lori la Dodoma likaondoka bila mzigo wake. Alasiri alipakia mabonge yake kumi na mawili kwenye gari la kurudi Idodi, akapanda juu yake, akakaa akiangalia mbele. Hakuniaga. Nami nilisimama pale na mhuri wangu mkononi mpaka vumbi likatua.

Zilizofuata zilikuwa siku mbaya. Mshenga nilipomuuliza habari alianza kuzungumzia vifungo vya mashati. Idi ikaja, Mzee Kombo akanialika nyumbani kwake, nikawekewa pilau ambalo kwa harufu tu lingefufua mtu, nami nikala vijiko vitatu. Mke wake akamuuliza kama yule kijana bado ananata. Nilirudi kwenye nakala ya tangazo niliyobaki nayo bandani, nikaichana, nikaandika jingine. Safari hii sikupigilia kwanza. Nilimsomea mpagazi mmoja, nikamsomea muuza vitunguu, nikamsomea mama mmoja aliyekuja kuuza mayai, na kila mmoja nilimwuliza: nikikwambia hivi, ukifika nyumbani utafanya nini? Majibu yao yaliniondolea kiburi chote cha darasa la nane. Fanyeni hivyo, vijana. Kanuni yoyote mnayoiandika huko ofisini, mtafuteni mtu atakayeitii, mumsikilize ataitiije.

Nilikuwa kwenye benchi asubuhi moja, wiki ya pili baada ya Idi, dereva wa Bwana Jivani aliposhusha mzigo wa Idodi. Mabonge kumi na moja, yamejipanga. La kumi na mbili alilileta mkononi, limefungwa kwenye kitambaa.

"Hili mama kasema nikupe wewe mwenyewe," alisema dereva. "Kasema nikwambie ameshalitafuna."

Nikafungua. Lilikuwa bonge safi, la njano iliyopoa, na ukingoni pake palikuwa na alama za meno. Mng'ato mpana, wa mtu mwenye nguvu, umeingia na kutoka bila kuacha uzi hata mmoja. Mama alikuwa ameiona kazi yangu, ile ile niliyoificha, akaifanya na kuisaini.

Nikaligeuza. Upande wa pili palikuwa na mng'ato mwingine, mdogo zaidi, na katikati ya meno ya mbele pameachwa nafasi. Mwanya. Pale Idodi huenda wenye mwanya ni wengi, lakini mimi nilimjua mmoja.

Nilikata kipande changu, maana sheria ni sheria, nikakitia mdomoni, nikatafuna. Kilivunjika, kikalainika, hakikuganda popote. Machozi yalianza kunitoka hapo hapo kwenye benchi, mbele ya wapagazi na mbuzi wa jirani, na sikuyazuia.

Mzee Kombo aliinua macho kutoka kwenye kitabu chake, akaniangalia kwa wasiwasi wa mtu wa kazi.

"Vipi tena?" akauliza. "Safari hii ametia pilipili?"